UZI: Kupima kufanana kwa maandishi ya Kiswahili, na kwa nini asilimia peke yake haisemi kitu

Karani wa Nyaraka (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila msimu wa kukusanya tasnifu swali ni lile lile humu jukwaani: "Ripoti ya programu ya kukagua kunakili imetoka na asilimia 31 ya kufanana, je, nimeiba?" Na kila mara majibu huwa ya kukisia. Kazi yangu ni kupanga kumbukumbu za maandishi ya Kiswahili: makala za magazeti, hotuba, taarifa kwa umma. Kutwa nzima naiuliza kompyuta ipi inafanana na ipi. Naomba nilifungue suala hili kwa urefu, maana maelezo mengi yaliyopo mtandaoni yamepikwa kwa kuitazama lugha ya Kiingereza. Ukiyachukua yalivyo ukayapachika kwenye Kiswahili, yanakupotosha, na nitaonyesha kwa hesabu ambayo kila mtu anaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na kipimo chepesi kuliko vyote. Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akilinganisha mimea inayoota sehemu mbalimbali za milimani. Alihesabu aina zinazopatikana kote kuwili, akagawa kwa jumla ya aina zote zilizoonekana sehemu zote mbili bila kurudia. Basi. Ukipata 1, ni zile zile. Ukipata 0, hakuna hata moja ya pamoja. Weka maneno mahali pa mimea na una kipimo cha kufanana kwa maandishi.

Sasa chukua sentensi hizi tatu:

A: Mkulima anapanda mahindi shambani
B: Wakulima wamepanda mahindi mashambani
C: Mkulima anauza mahindi sokoni

Mtu yeyote akiulizwa A inafanana zaidi na ipi, atasema B. Zote mbili ni habari za kupanda mahindi shambani, tofauti ni umoja na wingi, na wakati. C inahusu biashara.

Kata sentensi kwa nafasi, neno moja moja, kama mafunzo mengi yanavyoelekeza. A na B zina neno moja tu la pamoja, "mahindi", kati ya maneno saba tofauti. 1/7, sawa na 0.14. A na C zina mawili, "mkulima" na "mahindi", kati ya sita. 2/6, sawa na 0.33. Kompyuta imesema kupanda kunafanana zaidi na kuuza kuliko kupanda kunavyofanana na kupanda!

Kosa haliko kwenye kanuni ya Jaccard, liko kwenye kisu, yaani namna tulivyokata. Kiingereza kinabeba wakati, nafsi na wingi kwa maneno yaliyojitenga au kwa kiishio kidogo mwishoni. Sisi tunavipachika mbele ya mzizi: a-na-panda, wa-me-panda, ha-tu-ku-panda. Kwa kompyuta inayokata kwa nafasi, hayo ni maneno matatu yasiyojuana.

Badili kisu. Kata kila neno kwenye vipande vya herufi tatu tatu vinavyopandana. "Mkulima" inakuwa mku, kul, uli, lim, ima. "Wakulima" inakuwa wak, aku, kul, uli, lim, ima. Tayari vinne vinagongana. Ukifanya hivyo kwa sentensi zote, A ina vipande 22, B ina 26, C ina 18. A na B zinashirikiana vipande 18 kati ya 30, yaani 0.60. A na C zinashirikiana 11 kati ya 29, yaani 0.38.

Mpangilio umegeuka na kukaa sawa. Hatujaifundisha kompyuta ngeli hata moja, wala hatujaipa kamusi. Tumebadili kisu tu. Hili ndilo jambo kuu ninalotaka kulisema: kwenye Kiswahili, kabla hujabishana ni kanuni ipi ya kupimia, amua kwanza unakata nini.

Hatua ya pili ni uzito. Vipande havina thamani sawa. "Na", "ya", "kwa" vimo kwenye karibu kila andiko, kwa hiyo maandishi mawili kushirikiana "kwa" hakuelezi chochote. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge aliandika wazo ambalo mpaka leo linatumika kwenye mitambo ya kutafuta: thamani ya neno ipungue kadiri linavyoonekana kwenye nyaraka nyingi. Tuseme una nyaraka 1,000. Neno lililomo kwenye zote linapewa logi (ya kizio cha 10) ya 1000/1000, ambayo ni sifuri. "Korosho" imo kwenye nyaraka 10 tu, inapata logi ya 100, yaani 2. Makala mbili zikigongana kwenye "korosho", "stakabadhi" na "mnada", hapo kuna jambo.

Gerard Salton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell ndio waliozoesha watu kuiona kila nyaraka kama mshale kwenye anga lenye pande nyingi, kila neno upande wake. Makala yao inayotajwa sana ni ya mwaka 1975. Kufanana kunapimwa kwa kosaini ya pembe kati ya mishale miwili. Faida yake ni kwamba urefu hausumbui: hotuba ukiichapa mara mbili kwenye faili moja, mshale unarefuka lakini hauhami mwelekeo, kwa hiyo kosaini yake na hotuba ya awali inabaki 1.

Kwa wanaotumia Python, lugha ya kuandikia programu, maktaba ya scikit-learn ina TfidfVectorizer inayofanya yote mawili, uzito na vipande. Weka analyzer="char_wb" na ngram_range=(3, 5), kisha pima kwa kosaini. Kwa Kiswahili naona huo ndio mwanzo mzuri kuliko wote, na watu wengi wasingehitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

---

Mama Tasnifu

Asante sana mkuu kwa darasa. Mimi ni msimamizi wa tasnifu za uzamili, na nimeona vijana wanaumizwa na hizi asilimia. Chuo kimoja ninachokijua kilikuwa kinarudisha kazi yoyote iliyozidi kiwango fulani bila mtu kuifungua kuisoma. Mwanafunzi mmoja alitumia sheria za ardhi kama data yake, vifungu vimenukuliwa kihalali na alama za kunukuu zipo, akarudishiwa. Mwingine akapita na asilimia ndogo kabisa, na mimi nikiisoma sura ya tatu naona wazi si mkono wake. Hesabu inasemaje kuhusu hawa wawili?

---

Karani wa Nyaraka

Dada, hao wawili ni mfano halisi wa tatizo.

Wa kwanza: zana nyingi za kukagua kunakili hujumlisha mgongano wote kutoka vyanzo vyote kuwa namba moja. Nukuu halali, orodha ya marejeo, vichwa kama "Sura ya Kwanza: Utangulizi", jina la chuo, tamko la mwanafunzi, vyote vinaweza kuingia kwenye hesabu kama aliyepanga mipangilio hajavitoa. Asilimia 31 iliyotokana na vipande vidogo vidogo kutoka vyanzo sitini, na asilimia 31 iliyotoka kwenye kazi moja ya mtu mmoja, ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini juu ya ripoti yanaonekana sawa.

Wa pili: hapo kuna swali ambalo Jaccard halijibu. Andrei Broder, mwaka 1997, alitenganisha mambo mawili: kufanana, na kumezwa. Tuseme makala fupi ina vipande 400, na vyote vimenyonywa na kuwekwa ndani ya tasnifu yenye vipande 20,000. Kwa Jaccard ni 400 kugawa kwa 20,000, yaani 0.02. Inaonekana safi! Lakini ukiuliza "ni sehemu gani ya makala ile imo ndani ya tasnifu hii?", jibu ni 400 kwa 400, yaani 1. Imemezwa nzima.

Kwa hiyo kwa kazi yako usipime tasnifu kwa jumla. Ikate aya kwa aya, na kila aya ipimwe kwa kumezwa. Aya iliyokopwa itajitokeza yenyewe hata kama kurasa mia nyingine ni jasho la mwanafunzi.

Na lile la kurudisha kazi bila kuifungua, nalipinga kwa nguvu zote. Namba inamwelekeza msomaji pa kutazama. Anayehukumu ni mtu aliyesoma.

---

Mnyambuliko

Mkuu, uzi mzuri, ila niruhusu nikupinge kidogo. Mimi ni mtu wa isimu. Kukata herufi tatu tatu ni njia ya mkato. Kiswahili kina mofolojia, yaani muundo wa maneno, inayoeleweka vizuri na imechambuliwa miaka mingi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga mfumo wa SALAMA unaochambua neno mpaka mzizi wake, na ndio uliotumika kuweka alama kwenye Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, mkusanyo mkubwa wa maandishi. Kwa nini usirudishe kila neno kwenye mzizi kwanza, halafu ulinganishe mizizi? Hapo "anapanda", "wamepanda" na "hatukupanda" vyote vinakuwa "panda", na kipimo kinakuwa safi.

---

Karani wa Nyaraka

Mkuu, kama una kichambuzi kamili cha mofolojia, nakubaliana nawe mia kwa mia, tena kwa kazi ya utafiti ningekipendelea. Ninachokataza ni ile tabia ya kijana kuandika mistari kumi ya kukata viambishi vya mwanzo na kujiita amemaliza. Akiona "ki" mbele anaifuta: "kitabu" kinabaki "tabu". Anafuta "m": "mali" inabaki "ali". Mchungaji anaandika makala ya tabu za wajane, karani wa maktaba anaandika orodha ya vitabu, na kompyuta inawapeleka kabati moja.

Vipande vya herufi havijui mengi lakini havifuti kitu. Na kwenye mnyambuliko vinasaidia pia: panda, pandwa, pandia, pandisha, zote zinabaki na "pan" na "and". Tena maandishi ninayoyapata mimi yamejaa makosa ya uchapaji, mengine yamepigwa picha kutoka gazeti la zamani, herufi moja imepotea. Kichambuzi kikikutana na neno lenye kosa kinakwama. Vipande vinapoteza vitatu na kuendelea.

Ila kuna doa moja nalikiri mapema. "Mkulima anapanda mahindi" na "mkulima anapanda basi" kwangu vitakaa karibu, na kwako wewe wa mizizi pia, maana mzizi ni ule ule kwa herufi.

---

Fundi Data

Naingia kwa upande wa mzigo. Mimi nina makala za habari kama laki mbili, na mitandao ya habari inanukuliana sana. Habari moja inatoka kwa vichwa kumi tofauti. Nataka nitoe marudio. Nikilinganisha kila moja na kila nyingine, ni jozi karibu bilioni 20. Mashine yangu ni ya kawaida tu, hiyo kazi haiwezi kuisha.

---

Karani wa Nyaraka

Mkuu, hilo lilishatatuliwa, na ni moja ya mambo mazuri kabisa kwenye fani hii. Ni Broder yule yule. Mwaka 1997 yeye na wenzake, wakiwa na kurasa zilizokusanywa na mtambo wa kutafuta wa AltaVista, walizipanga kurasa milioni 30 kwa kufanana kwake. Walikata kila ukurasa kwa vipande vya maneno kumi yanayofuatana.

Siri yenyewe ni hii. Chukua vipande vyote vya makala moja, pitisha kila kimoja kwenye kanuni ya kuchanganya inayokipa namba inayoonekana kama ya bahati nasibu, lakini kipande kile kile kipate namba ile ile siku zote. Weka namba ndogo kuliko zote, tupa nyingine. Fanya hivyo kwa makala ya pili. Uwezekano wa namba hizo mbili ndogo kuwa sawa ni sawasawa na Jaccard ya makala hizo mbili. Soma tena sentensi hiyo, mkuu, maana inashangaza. Sababu yake ni kwamba kila kipande kwenye muungano (vipande vyote vya makala zote mbili bila kurudia) kina nafasi sawa ya kuwa kidogo kuliko vyote, na namba zitalingana pale tu kipande hicho kitakapokuwa cha pamoja.

Rudia kwa kanuni 100 tofauti. Kila makala, iwe ya ukurasa mmoja au hamsini, inabaki namba 100. Hesabu nafasi zinazolingana kati ya makala mbili, hicho ndicho kipimo chako, na kosa lake la kawaida halizidi 0.05.

Bado bilioni 20? Hapana. Gawa zile namba 100 kwenye mafungu 20 ya namba tano tano. Linganisha tu makala ambazo fungu lao zima moja limelingana. Jozi yenye Jaccard ya 0.8 itanaswa kwa uwezekano unaozidi asilimia 99.9; jozi ya 0.3 itapita kwenye chujio kwa chini ya asilimia 5. Waliobaki ni wachache, hao uwapime kwa uhakika.

Tahadhari moja kwa marudio ya habari: tumia vipande virefu, maneno manne au matano yanayofuatana, badala ya herufi tatu. Kwako unatafuta kunakili, hutafuti mada moja. Makala mbili za bajeti za miaka tofauti zitashirikiana herufi tatu tatu nyingi mno.

---

Mtoto wa Tanga

Wakuu mimi si mtaalamu, nauliza tu. Nikiandika "kijana yule amepata jiko", na mwingine akaandika "kijana yule ameoa", hizo hesabu zenu zinaona nini?

---

Karani wa Nyaraka

Swali zito kuliko unavyodhani. Linganisha tatu:

Kijana yule amepata jiko.
Kijana yule ameoa.
Kijana yule amenunua jiko.

Kwa maneno, ya kwanza na ya pili ni 2/5, yaani 0.40. Ya kwanza na ya tatu ni 3/5, yaani 0.60. Kompyuta inampeleka bwana harusi dukani. Na vipande vya herufi haviokoi hapa, kwa sababu maana haimo kwenye herufi.

Hapo ndipo zinapoingia vekta za maana, yaani orodha za namba zinazobeba maana ya neno au sentensi. Wazo ni kwamba neno linajulikana kwa maneno linayoandamana nayo. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa Google walitoa word2vec, kila neno likawa orodha ya namba zilizojifunza kutoka kwenye maandishi mengi. Lakini "jiko" lilikuwa na vekta moja tu, la harusini na la mkaa. Mwaka 2018 ikaja BERT, modeli ya lugha ya Google, ambayo neno linapata namba kulingana na sentensi lililomo, hivyo "anapanda basi" na "anapanda mahindi" zinaweza kutengana. Mwaka 2019 Nils Reimers na Iryna Gurevych wakatoa Sentence-BERT, inayoipa sentensi nzima vekta moja. Walieleza kwamba kutafuta jozi inayofanana zaidi kati ya sentensi 10,000 kulichukua BERT saa 65 hivi. Kwa njia yao ni kama sekunde 5.

Kwa sisi, iliyo na faida zaidi ni modeli za lugha nyingi. LaBSE ya Google ya mwaka 2020 ina lugha 109, Kiswahili kikiwemo. Ukiipa sentensi ya Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili, inaziweka karibu. Mama Tasnifu, hiyo ndiyo dawa ya yule anayetafsiri makala ya Kiingereza neno kwa neno na kuiweka kama yake. Vipande vya herufi havitamwona kamwe.

Je, zitajua "amepata jiko"? Inategemea modeli imesoma Kiswahili kiasi gani, na Kiswahili cha aina gani. Kilichotoka kwenye ensaiklopidia na maandiko ya dini hakina misemo ya kibarazani. Ijaribu modeli mwenyewe kwa misemo ya kwenu kabla hujaiamini.

---

Mama Tasnifu

Kwa hiyo hizi mpya zimemaliza kazi, tuachane na zile za zamani?

---

Karani wa Nyaraka

Hapana, dada. Tazama hizi:

Mahakama imemwachia huru mshtakiwa.
Mahakama haijamwachia huru mshtakiwa.

Kwa maneno ni 3/5, yaani 0.60. Kwa herufi tatu tatu ni 20/28, yaani 0.71. Mtu mmoja yuko nyumbani kwake na mwingine bado yuko rumande. Vekta za maana nazo zina udhaifu unaojulikana hapa: sentensi na kanusho lake zinazungumzia jambo lile lile, kwa hiyo huwekwa jirani. Kwenye Kiswahili kanusho ni kiambishi kidogo mbele ya kitenzi, ni rahisi mno kupotea. Ukipanga kumbukumbu kwa mada, hilo halikusumbui. Ukikagua kama gazeti limeripoti hukumu sawasawa, hakuna kipimo cha kufanana kitakachokusaidia.

Na ukitaka kuthibitisha kunakili mbele ya kamati, vekta ya maana haina cha kuonyesha zaidi ya namba. Vipande vya maneno yanayofuatana unaviweka mezani, kushoto chanzo, kulia tasnifu, kila mtu anaona kwa macho yake.

---

Fundi Data

Swali la mwisho kwangu. Niweke kizingiti ngapi? Nimeona watu wanasema 0.8.

---

Karani wa Nyaraka

Hiyo 0.8 ya mtu mwingine ilitoka kwenye maandishi yake, kwa kisu chake na uzito wake. Umeona juu sentensi zile zile zikipata 0.14 na 0.60 kwa kubadili ukataji tu.

Fanya hivi. Panga jozi zako kwa alama, kisha chukua jozi kadhaa kutoka kila ngazi: 0.2, 0.3, mpaka 0.9. Usichukue za juu peke yake, hutajua unachokikosa chini. Wape watu wawili wanaosoma Kiswahili vizuri, kila mmoja kivyake, bila kuwaonyesha alama, wajibu swali moja tu: hii ni habari ile ile iliyonakiliwa, ndiyo au hapana. Wakitofautiana wao kwa wao kwenye jozi nyingi, swali lako halijanyooka, lirekebishe kwanza. Wakikubaliana, tafuta alama ambayo juu yake "ndiyo" zinaanza kutawala.

Halafu amua kosa lipi linakugharimu zaidi. Wewe unayefuta marudio, ukifuta habari halisi imepotea, kwa hiyo pandisha kizingiti. Mama Tasnifu anatafuta aya za kwenda kuzisoma mwenyewe, yeye akishushe. Gharama yake ni muda wa kusoma aya chache za ziada.

Na ukibadili ukataji au ukiongeza maandishi ya aina nyingine, mfano umetoka kwenye habari ukaenda kwenye hukumu za mahakama, rudia zoezi lote. Hukumu zina lugha ya kurudiarudia kiasi kwamba mbili zisizohusiana kabisa zinaweza kupanda juu ya kizingiti cha habari.